Saa sita au saa tisa? Jinsi ya kuondoa mluzi wa injini kwenye gari la matangazo

Gari la matangazo linapita polepole kando ya barabara ya kutoka Hola kwenda Garsen. Ujumbe wenyewe ni mfupi: chanjo ya watoto itatolewa katika zahanati kuanzia saa sita mchana. Mama aliye shambani, hatua mia mbili hivi kutoka barabarani, anainua kichwa kusikiliza. Sauti ya mtangazaji anaisikia, lakini anasikia pia mluzi mwembamba unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta. Je, ni saa sita au saa tisa? Gari limeshapita, na akikisia vibaya atafika zahanati wauguzi wakifunga masanduku ya barafu.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Vokali ni zile zile, i na a, kwa mpangilio ule ule. Kinachoyatenganisha ni konsonanti s na t, na hizo ndizo zinazofunikwa kwanza na mluzi wa injini. Zikishafunikwa, hata mwenye masikio mazuri hubaki kubahatisha.

Katika Kaunti ya Tana River hili si jambo la starehe. Mto ulipofurika wakati wa mvua za Aprili na Mei 2024, familia nyingi za kandokando ya mto zililazimika kuhama. Katika hali kama hiyo si kila mtu ana simu yenye chaji, na tangazo la kuhamia sehemu ya juu hulazimika kusomwa kwa Kiswahili, kisha Kipokomo, kisha Kiorma, gari likiwa kwenye mwendo. Kukabiliana na majanga ni mojawapo ya majukumu ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti. Gari linalopiga kelele kuliko mtangazaji haliwezi kusaidia sana kazi hiyo.

Somo hili linawahusu mafundi wa jua kali, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na madereva wa magari ya matangazo, yawe ya idara, ya mashirika au ya kukodi. Mwenye Probox ambaye redio yake hulia kama mbu naye atajikuta humu, kwa sababu ugonjwa ni mmoja.

Mluzi unazaliwa wapi

Watu wengi hulaumu spika. Spika haina hatia, inatoa tu kile inacholetewa. Chanzo kikuu ni oltaneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuchaji betri.

Ndani yake oltaneta huzalisha umeme wa kwenda na kurudi katika mikondo mitatu. Dayodi sita huugeuza umeme huo uende upande mmoja, lakini haziwezi kuulainisha kabisa. Hubaki vijiwimbi vidogo juu ya umeme wa kuchaji, kama uso wa uji uliokorogwa vizuri ambao bado una mabonge mawili matatu. Kazi ya kuvimeza vijiwimbi hivyo huachiwa betri.

Hesabu yake inaeleweka. Oltaneta nyingi za magari madogo zina jozi sita za ncha za sumaku. Kwa kila mzunguko mmoja, jozi hizo sita na dayodi sita hutoa vijiwimbi 36. Injini ikipumzika kwa mizunguko 800 kwa dakika, na puli ya oltaneta ikizunguka mara mbili na nusu zaidi ya injini, oltaneta inakwenda mizunguko 2000 kwa dakika. Hiyo ni kama 33 kwa sekunde. Zidisha kwa 36, upate mlio wa hezi 1200 hivi. Dereva akikanyaga hadi injini ifike 2000, mlio unapanda hadi hezi 3000.

Hapo ndipo bahati mbaya ilipo. Sikio la binadamu husikia vizuri zaidi sauti zilizo kati ya hezi 2000 na 5000, na konsonanti kama s, t, f na ch hutegemea sana sauti za juu ya hezi 2000. Spika za honi zinazofungwa juu ya magari ya matangazo nazo zimeundwa kukuza sauti za usemi, hazina besi ya kufunika chochote. Kwa hiyo mluzi ambao ungepotea ndani ya muziki wa matatu, kwenye gari la matangazo husimama peke yake mbele ya msikilizaji.

Kusikiliza kabla ya kufungua

Fundi mwenye haraka huanza kwa kununua kifaa cha kuchuja kelele. Aliye makini huanza kwa kusikiliza, na dakika tano za kusikiliza humwokolea mchana mzima.

Gari lisimamishwe mahali pa wazi, breki ya mkono ikiwa imevutwa, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini huua bila harufu ya kumtahadharisha mtu. Mitambo ya sauti iwashwe, muziki uzimwe, maikrofoni iachwe kimya. Kisha mtu mmoja akanyage mafuta taratibu na mwingine asikilize.

Mluzi ukipanda na kushuka pamoja na injini, mshukiwa ni oltaneta na jinsi nyaya zilivyofungwa. Ikiwa ni mdundo wa tiki-tiki-tiki unaoongezeka kasi injini inapokanyagwa, hiyo ni kelele ya plagi, na kwenye gari la dizeli haipo kwa sababu dizeli haina plagi za cheche. Mara nyingi tiba yake huanza na plagi zenyewe: zile zilizo na kinzani ndani yake, ambazo kwa watengenezaji wengi hutambulika kwa herufi R katika namba ya plagi. Waya wa plagi uliozeeka, au ule wa asili uliobadilishwa na waya mtupu wa shaba, huifanya kelele hiyo iwe kubwa zaidi.

Kelele isiyobadilika kabisa hata injini ikanyagweje haitoki kwenye injini. Magari mengi ya matangazo hubeba inveta ya kugeuza volti 12 kuwa volti 240 ili kuendesha mikisa, na inveta ya bei rahisi huvuma kwa sauti ile ile kutwa. Izimwe kwanza, kisha isikilizwe tena. Vivyo hivyo kwa chaja za simu za kuchomeka kwenye tundu la sigara na taa za LED zisizo na asili. Zipo chaja ambazo zikichomolewa tu, stesheni za FM hurudi.

Na iwapo kelele husikika kwenye FM pekee lakini si kwenye maikrofoni wala simu, njia yake ni antena. Antena iliyolegea kwenye bodi au iliyoota kutu chini ya nati yake ndiyo ya kushughulikiwa, na nyaya nyingine ziachwe zilivyo.

Sehemu kubwa ya tatizo: eathi

Katika magari mengi yanayopiga mluzi, kosa huwa kwenye waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, ambao mafundi huuita eathi. Mafundi wengi huupa waya huo heshima ndogo. Waya mwekundu huchaguliwa mnene na wa bei. Ule mweusi hukatwa kutoka mabaki, ukafungwa kwenye skrubu yoyote iliyo karibu, juu ya rangi.

Kosa hilo hueleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kumwagilia shamba katika skimu ya Hola au Bura. Mifereji miwili ikichota maji kutoka mfereji mkuu, mmoja juu na mwingine chini, usawa wa maji ndani yake haufanani. Mtu akichimba kajifereji ka kuiunganisha, maji yatapita humo bila kuitwa. Bodi ya gari nayo iko hivyo. Kwa macho ni chuma kimoja, lakini umeme mwingi unapopita ndani yake, volti ya karibu na betri na volti ya nyuma kwenye buti hazilingani. Ikiwa mashine ya kuchezea muziki imefungwa eathi mbele kwenye dashibodi na amplifaya imefungwa nyuma, ule waya wa sauti unaoziunganisha unakuwa kile kijifereji. Umeme wa oltaneta hupita humo, na vijiwimbi vyake vyote huingia kwenye sauti.

Kiasi chake ni kidogo lakini kinatosha. Tuseme njia ya eathi ina ukinzani wa milioumu 2 tu, yaani elfu mbili za milioni ya oumu, na inapitisha ampea 50. Tofauti inayotokea ni volti 0.1. Mashine ya muziki hutoa volti 2 hadi 4 kwenye nyaya za RCA, kwa hiyo 0.1 ni kelele ya kuudhi. Lakini maikrofoni hutoa milivolti chache tu. Kwake yeye, volti 0.1 ni kama mtu anayenong'ona kando ya mashine ya kusaga. Ndiyo maana gari linalocheza muziki vizuri linaweza kuharibika sauti mara tu mtangazaji anaposhika maikrofoni, na mwenye gari akaapa kwamba maikrofoni ndiyo mbovu.

Dawa yake haina siri. Vifaa vyote vya sauti, yaani mashine ya muziki, mikisa na amplifaya, virudishwe eathi mahali pamoja. Boliti iwe kwenye chuma kizito cha bodi, si kwenye bati jembamba na si kwenye boliti ya mkanda wa usalama wala ya kiti. Boliti hizo zina kazi moja, ya kumshikilia mtu ajali inapotokea, nazo mara nyingi zina gundi au rangi inayozuia umeme. Rangi ikwanguliwe kwa msasa mpaka chuma king'ae kwa upana wa sarafu ya shilingi 20. Kichwa cha waya kigandamizwe kwa koleo lake, kisisokotwe kwa vidole, kisha kifungwe kwa washa yenye meno. Baada ya kukaza, ndipo grisi au rangi ipakwe juu, si chini. Waya wenyewe uwe mfupi, chini ya nusu mita ikiwezekana, na unene wake ulingane na wa waya mwekundu.

Magari yanayofanya kazi Kipini na sehemu za mlango wa mto yana adui wa ziada, yaani hewa ya chumvi. Eathi iliyong'aa mwezi wa Januari inaweza kuwa na unga wa kahawia kabla ya mvua za masika. Huko, kufungua na kukwangua upya ni kazi ya kila msimu.

Mara nyingi waya wa asili wa kiwandani, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye bodi na kwenye injini, hausomwi kabisa. Gari lililokaa miaka 15 barabarani lina waya uliochoka. Waya mpya mnene kati ya hasi na bodi, na mwingine kati ya bodi na injini, hugharimu kidogo kuliko kifaa chochote cha kuchuja, na una faida hata kwa taa na kwa kuwasha gari asubuhi.

Mita inasema nini

Sikio likishatoa ripoti yake, mita huthibitisha. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo oltaneta haichaji ipasavyo.

Kisha mita iwekwe kwenye umeme wa kwenda na kurudi, vichwa vyake kwenye betri, injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa. Hivi ndivyo vijiwimbi vinavyopimwa. Chini ya volti 0.1 oltaneta ni nzima. Ikipita 0.5, ni karibu hakika kuna dayodi iliyokufa ndani, na hapo mluzi huwa mnene zaidi, unaokoroma. Gari la namna hiyo si tu kwamba linakera. Betri yake inaweza kuishiwa usiku likiwa limeegeshwa, na oltaneta inaweza kuacha kuchaji katikati ya safari. Kelele hiyo ikisikilizwa kama taarifa, humwepusha dereva kukwama kati ya Madogo na Bura huku mto ukipanda.

Hapa kuna mtego unaowanasa wanafunzi wengi. Zile mita ndogo za bei rahisi, zikiwekwa kwenye umeme wa kwenda na kurudi, hudanganywa na umeme wa betri na kuonyesha namba kubwa kama 28. Fundi hukimbilia kubadilisha oltaneta nzima. Kabla ya kuiamini mita, vichwa vyake vibadilishwe, chekundu kwenye hasi na cheusi kwenye chanya. Ikiwa upande mmoja inasoma 28 na upande mwingine inasoma sifuri, mita haifai kwa kipimo hiki. Mita iliyo nzuri husoma karibu sawa pande zote mbili.

Kipimo cha tatu ndicho kinachofunua eathi mbovu. Mita irudishwe kwenye umeme wa upande mmoja. Kichwa kimoja kishike hasi ya betri, kingine kwa waya mrefu kishike pale amplifaya ilipofungwa eathi. Injini iwake, taa ziwake, mtu azungumze kwenye maikrofoni kwa sauti ya kazi. Kinachosomwa hapo ni tofauti ya usawa kati ya mifereji miwili. Ikiwa chini ya 0.1 kazi ni safi, na ikikaribia 0.5 hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Jambo moja lisifanywe kamwe, ingawa linaonekana kila siku chini ya miti ya gereji zetu: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili kuona kama oltaneta inafanya kazi. Betri ndiyo inayoituliza oltaneta. Ikiondolewa ghafla, volti huruka juu sana kwa muda mfupi, na muda huo unatosha kuua kompyuta ya gari, mashine ya muziki au dayodi za oltaneta yenyewe. Mtu anayepima hivyo anaweza kuwa ndiye aliyelizalisha tatizo analolitafuta.

Kugawanya tatizo katikati

Ikiwa eathi ni safi na mluzi bado upo, fundi agawanye mfumo vipande. Mitambo izimwe, nyaya za RCA zichomolewe kwenye amplifaya, na mahali pake pachomekwe plagi mbili za RCA ambazo pini ya kati imeunganishwa na ganda la nje. Plagi hizo hutengenezwa kwa dakika mbili kwa bunduki ya risasi. Injini iwashwe tena. Mluzi ukiendelea, umeingia kupitia amplifaya, eathi yake au waya wake wa umeme. Ukinyamaza, kosa liko mbele zaidi, kwenye nyaya za sauti au mashine ya muziki.

Hatua inayofuata ni kuunganisha simu inayotumia betri yake yenyewe, isiyochajiwa, moja kwa moja kwenye nyaya za RCA. Ikiwa sauti ni safi, nyaya ni nzima na mashine ya muziki ndiyo mshukiwa. Simu hiyo hiyo ikichomekwa chaja ya gari na mluzi ukarudi papo hapo, kijifereji kimepatikana: eathi ya chaja na eathi ya amplifaya zinagombana. Madereva wengi wa teksi wana tatizo hili bila kujua, na kwa wengi wao kutumia Bluetooth badala ya waya humaliza kila kitu.

Mashine ya muziki ina ugonjwa wake wa siri. Mtu akichomeka au kuchomoa RCA mitambo ikiwa imewashwa, au eathi ya amplifaya ikichomoka, umeme wote hutafuta njia kupitia ganda la RCA na kuunguza kijifyuzi chembamba ndani ya mashine. Kuanzia siku hiyo mluzi hauishi, hata kila kitu kingine kibadilishwe. Kuthibitisha ni rahisi: kipande cha waya kiguse ganda la nje la RCA upande mmoja, na bati la nyuma la mashine upande mwingine. Mluzi ukikatika, jibu ni hilo. Wengine huuacha waya huo palepale. Gari hutembea, lakini fundi wa vifaa vya elektroniki akikibadilisha kijifyuzi chenyewe, kazi hudumu.

Kuhusu njia za nyaya, waya mwekundu wa umeme upite upande mmoja wa gari na nyaya za sauti upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama njia panda, zisiambatane. Waya wa maikrofoni usipite juu ya inveta. Kwa magari yanayosoma matangazo kutwa, maikrofoni yenye waya wa nyuzi tatu ni bora kuliko ya nyuzi mbili, kwa kuwa kelele inayoingia njiani huingia sawa kwenye nyuzi mbili za sauti na kufutana yenyewe kwenye amplifaya inayoikubali.

Kuna kitufe pia kinachoitwa geini kwenye amplifaya, ambacho wengi hukizungusha hadi mwisho wakidhani ni cha kuongeza nguvu. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na kile kinacholetewa, na kikifunguliwa chote hukuza kelele pamoja na sauti. Mashine ya muziki ipandishwe hadi robo tatu, kisha geini ifunguliwe polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu irudishwe nyuma kidogo. Wakati mwingine mluzi unaosumbua kwa miezi huisha hapo, bila spana.

Vifaa vya kuchuja na pesa zinazopotea

Vifaa vya kuchuja viko vya aina mbili. Kimoja hukaa kwenye waya wa umeme, kikiwa na koili na kapasita, na hulainisha vijiwimbi kabla havijafika. Kinunuliwe kwa kuangalia ampea. Cha ampea 10 kikiwekwa kwenye amplifaya inayovuta 40 kitaungua. Cha pili hukaa kwenye nyaya za sauti na kina vitransfoma vidogo vinavyopitisha sauti bila kugusanisha eathi. Hiki hufanya kazi vizuri kwa kijifereji kilichoelezwa juu, lakini vya bei rahisi hula besi. Kwa matangazo hilo halina madhara. Kwa matatu, abiria wataona.

Vyote viwili ni plasta juu ya kidonda. Vinafaa baada ya kidonda kusafishwa, na fundi anayeanza navyo mara nyingi hurudishiwa gari.

Pesa nyingine hupotea kwenye waya. Masoko yamejaa waya mnene wenye sura ya shaba ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukikwanguliwa kwa kisu huonekana mweupe. Hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene ule ule, na vichwa vyake hulegea upesi. Ukitumika kwa kukosa mwingine, uwe mnene hatua moja zaidi.

Na fyuzi si ya hiari. Waya mwekundu unaotoka betri uwe na fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, na pale unapopenya bati la injini uvishwe mpira. Bila hivyo, siku bati litakapokata ganda lake, betri itamwaga umeme wake wote hapo, na gari lililojaa waya, plastiki na mafuta halichukui muda kuwaka. Kazi yote ya nyaya ianze kwa kuchomoa hasi ya betri, injini ikiwa imezimwa, na kumalizika kwa kuirudisha hasi mwisho.

Kuongeza sauti ili kushinda mluzi si suluhisho, na sheria nayo ina la kusema. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinahusu pia vipaza sauti vya kutangazia, na Katiba imeweka udhibiti wa kelele mikononi mwa kaunti. Mwenye gari la matangazo auulize ofisi ya mazingira kuhusu kibali kabla ya kuanza kazi. Sauti safi hufika mbali kwa nguvu ndogo, kwa hiyo fundi aliyeondoa mluzi mara nyingi hugundua kwamba anaweza kupunguza sauti na bado asikike.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mita. Gari liwekwe uwanjani, injini ishikiliwe kwenye mizunguko 2000, na mtu mmoja atembee hatua mia mbili na kalamu na karatasi, mgongo ukielekea gari. Mtangazaji asome maneno kumi bila mpangilio, kwa mwendo wa kawaida: sita, tisa, tisa, sita, kesho, kasha, hapa, hama, tisa, sita. Ikiwa karatasi inalingana na kilichosomwa, buti lifungwe. Ikiwa kuna hata sita moja iliyoandikwa tisa, boliti ya eathi ifunguliwe tena.